Ukoko wa Sufuria Ndogo

Bi Shutu anasema aliona kwa macho yake mawili, wala si ya kuazima. Anasema ilikuwa Ramadhani, asubuhi, kwenye foleni ya maji pale bombani Kinondo. Tembo, yule muuza muhogo na kuku anayetoka bara, mwenye mdomo ulioshonwa ukubwani, alikuwa akipita na baiskeli yake, akiwasalimu wanawake kwa ile sauti yake ya puani. Anasema Ikram, mke wa Hashim, mimba ikiwa changa hata tumbo halijatokeza, aliweka ndoo chini, akajishika mbavu, akacheka. Tena hakutabasamu tu, alicheka mpaka akakalia ndoo. "Na mimi nikamwambia," husema Bi Shutu akipandisha mtandio begani, "nikamwambia, mwanangu, usicheke umbo la Mungu na hali umebeba. Hujafa hujaumbika. Je, alisikia?" Hapo hunyamaza kidogo ili msikilizaji ajijibie mwenyewe. Kisha huinua kidole akakipitisha kwenye mdomo wake wa juu, kutoka ukingoni hadi puani, polepole, kama mtu anayepasua samaki.

Kisa hicho kilizaliwa siku mbili baada ya mtoto wa Ikram kuzaliwa. Kilianzia kwenye foleni ile ile ya maji, kikapita dukani, kikaingia hadi madrasa, na kufikia siku ya saba kilikuwa kimeshafika Galu na kurudi kimenenepa.

Waridi, mama yake Hashim, alikuwapo bombani siku ile. Alikuwa wa tatu kwenye foleni, nyuma ya Bi Shutu, na aliyaona yote tangu mwanzo hadi mwisho. Wanawake walipomgeukia wakamwuliza, "Eti ni kweli, Mama Hashim?" alijibu, "Mungu ndiye ajuaye." Neno lenyewe ni zuri, hakuna wa kulilaumu. Lakini lilikipiga mhuri kisa cha Bi Shutu. Mama mkwe mwenyewe hakukataa. Nani mwingine akatae?

Waridi angeweza kukiangusha kisa kile kwa maneno matatu. Lakini kikianguka, watu wangetafuta sababu nyingine, na yeye alijua iliko.

Mtoto mwenyewe alikuwa mzima, mwenye nywele nyingi na miguu isiyotulia. Kasoro yake ilikuwa moja. Mdomo wa juu, upande wa kushoto, ulikuwa umeachana hadi tundu la pua, na ndani kaakaa lilikuwa na ufa, kwa hiyo akinyonya maziwa yalimtokea puani akapaliwa. Muuguzi wa hospitali alimfundisha Ikram kukamua maziwa kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, mtoto akiwa amekalishwa wima. Akasema pia kwamba si laana, kwamba mtoto akipata uzito mdomo utashonwa, na kaakaa nalo litashonwa baadaye. Hashim alisikia neno kushonwa, akatoka nje, akakaa kwenye ukingo wa mtaro hadi walipoambiwa waende nyumbani.

Wageni walikuja na sabuni na sukari, wakaondoka na habari. Kila ilipopigwa hodi, Waridi aliwahi kuchukua pembe ya leso akamfunika mtoto uso. "Amelala," alisema, na miguu ya mtoto ikirusha leso juu chini. Wageni walitazama ile miguu, wakatazamana. Ikram alimtazama Waridi. Siku ya saba nywele zilinyolewa ndani, mlango umerudishwa, na Hashim akalitaja jina la Othman kwa sauti ya mtu anayetaja kosa lake mbele ya chifu. Wali uliopikwa ulibaki nusu sufuria. Katika maisha yake yote Waridi hakuwahi kuona wali wa mtoto ukibaki.

Siku hiyo hiyo, alasiri, Hashim alimkuta mama yake akianua nguo.

"Mama, nimezungumza na mama mkwe. Anakuja Ijumaa."

"Kumwona mjukuu wake?"

"Kumchukua Ikram. Akapumzike Jego mpaka maneno yapoe."

"Na mtoto?"

"Mtoto si anamfuata mamake?" Hashim alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na mikono yake ilikuwa myeupe vidoleni kwa sabuni. Aliitazama alipokuwa akisema. "Hata kule kazini wamejua. Jana mmoja kaniuliza, mke wako alicheka nini hasa? Mbele ya watu, mama."

Ikram alitokeza mlangoni na kikombe mkononi. Hakuwa amejifunika kichwa.

"Nimesikia," alisema. "Hashim, mimi sikumcheka Tembo. Wallahi sikumcheka. Mama alikuwapo. Mama, mwambie."

Waridi alikuwa na shuka la mtoto mikononi. Alilikunja mara mbili, akalikunja tena, likawa dogo kama kitambaa cha pua.

"Nilikuwa nikichunga ndoo yangu, mwanangu," alisema. "Sikuangalia vizuri."

Ikram hakulia. Alisimama pale kidogo, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, halafu akarudi ndani. Walisikia kijiko kikigonga kikombe.

*

Mahali anapofanya kazi Waridi ni kituo cha utafiti, ndani ya mikorosho, ukiiacha barabara ya Msambweni. Hakuna mtu wa Kinondo anayekiita kwa jina lake. Wanasema, "pale kwa vinzi." Ndani yake mna vyumba viwili vyenye baridi, na ndani ya vyumba mna chupa maelfu, na ndani ya chupa mna vile vinzi vidogo vinavyozunguka embe lililoiva kupita kiasi. Kazi ya Waridi ni kuosha chupa na kuvipikia vinzi chakula. Unga wa mahindi, sukari, hamira, na unga wa mwani wa kugandisha; uji ukishapoa kidogo hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, kisha humiminwa chupani. Mwaka wa kwanza watu walimcheka. "Mpishi wa nzi," walimwita, "je, wageni wako wameshiba leo?" Yeye naye alicheka. Mshahara ulikuwa ukija kila mwezi, na aliyemcheka alikuja kuomba chumvi.

Faith, msichana wa bara aliyekuja kusomea udaktari wa vinzi hivyo, ndiye aliyemfundisha kutazama kwenye darubini. "Kuja uone, Mama Hashim, usiogope. Hili ni yai. Ndani ya siku moja mtoto ashatengenezwa. Sasa ona ngozi yake. Ni shuka jembamba, tabaka moja tu. Inapanda kutoka huku, na kutoka huku, zikutane mgongoni. Kila chembe ya pale ukingoni inavuta pindo lake, kama uzi wa suruali. Na kuna jeni inayotoa amri, vuta. Hiyo jeni ikiharibika, hakuna wa kuvuta." Akabadilisha kigae cha kioo. "Sasa tazama huyu."

Waridi alitazama. Kiumbe kile kilikuwa kimekamilika, hata vijimeno vya tumboni vya kutambalia kilikuwa navyo, lakini mgongoni palikuwa na tundu, kama kanzu ambayo fundi aliiacha akaenda kuswali asirudi. Hao hawakuanguliwa. Walifia ndani ya yai. Waridi aliwaita wazi, na jina likashika, hata Faith akawa akiuliza asubuhi, "Leo tuna wazi wangapi, Mama Hashim?" Waridi akawahesabu, jicho lake likiwa limezoea kuliko la wasomi, akajibu kwa fahari.

Mkunga alipomwinua mjukuu wake, na Waridi akaona mdomo, neno la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa hilo. Wazi. Kabla ya bismillahi, kabla ya alhamdulillahi. Hakumwambia mtu.

Siku ya Jumatano Faith alikuwa akipanga mayai kwa brashi nyembamba, ulimi umemtoka kwa makini. Waridi alisimama kando yake na ndoo ya chupa.

"Faith, mwanangu, nikuulize."

"Niulize. Halafu hujaniambia, mjukuu anaendelea aje? Nataka kumletea sweta."

"Yuko salama, alhamdulillahi. Sweta kwa joto hili?" Wakacheka. "Nauliza, uso wa mtoto wa binadamu nao hutembea ukakutana? Kama hii ngozi?"

Faith aliweka brashi chini, macho yakamng'aa. "Eeh! Nani amekuambia? Ni vile vile. Uso unatoka pande mbili, unakutana hapa." Akagusa juu ya mdomo wake. "Mwezi wa pili wa mimba hivi. Wakati huo hata majirani hawajajua. Usipokutana hapo, umeshapitwa."

"Na kinachozuia ni nini?"

"Saa zingine jeni. Saa zingine kitu mama alikula, ama dawa alimeza. Saa nyingi ni mchanganyiko, hatujui. Yaani ukiniletea mtoto mmoja uniulize kwa nini huyu, siwezi kukudanganya."

"Na hii dawa ya ukungu ya hapa kwetu?"

"Hiyo haina shida, hata viwandani wanatia kwenye vyakula vya watu. Ile sufuria ndogo ndiyo nyingine, ile yenye utepe mwekundu. Hiyo ni ya majaribio. Hiyo ndiyo tunataka kujua kama dawa yake inafanya mayai yabaki wazi. Si ndiyo maana unavaa glavu?"

"Na inafanya?"

"Bado tunahesabu." Faith alirudi kwenye brashi yake, halafu akageuka nusu, akitabasamu. "Kwani kuna mtu amekula chakula cha nzi?"

Waridi alicheka, na kicheko chake kilitoka haraka, kikamaliza kabla ya cha Faith kuanza. "Nani ale makombo ya nzi, mwanangu?"

Akabeba ndoo yake akaenda kuosha.

*

Mambo ya ukoko yalianza siku ya nne ya mfungo wa Ramadhani ile. Mvua ya masika ilikuwa haijaja, shamba limekauka, na hoteli ya Hashim ilikuwa imewapumzisha vijana nusu kwa kuwa wageni ni wachache. Nyumbani palikuwa na muhogo, na kesho yake palikuwa na muhogo. Ikram hakuwa akifunga kwa ajili ya kutapika. Muhogo aliutapika, uji aliutapika, samaki hata harufu yake ilimkimbiza nje. Alikaa ukumbini akasema anatamani kitu cha kwao, kitu chochote cha Jego, hata mchanga wake.

Kituoni, baada ya kumimina chakula, sufuria hubaki na ukoko. Ule wa sufuria kubwa ni mwembamba. Ule wa sufuria ndogo, kwa kuwa hukaa sana kwenye moto wa chini, huwa mnene, wa kahawia, unabanduka mzima, na harufu yake ni ya sukari iliyoungua kidogo na mahindi mapya. Ukoko huo hutupwa shimoni. Ukutani kuna karatasi inayosema usile na usitoe kitu, na chini yake kuna sahihi ya Waridi, kwa herufi zake kubwa za darasa la saba.

Siku ile alibandua ukoko wa kubwa, akabandua na wa ndogo, akautia kwenye kopo. Alijiambia kitu kinachotupwa si wizi. Alijiambia moto huua kila kitu. Kabla ya kufika nyumbani alikata vipande vya mraba, akavinyunyizia nazi, akavifunga kwenye gazeti. "Nimekupatia kashata," alimwambia Ikram. "Kuna mama wa Jego anauza pale Ukunda."

Ikram alikula, wala hakutapika. Alikula akilia, akasema, "Mama, Mungu akuweke." Baada ya siku hiyo Waridi alileta kila siku ya kupika, mwezi mzima. Hashim hapendi vitu vitamu. Na kila Ikram alipomkatia Waridi kipande chake, Waridi alishika shavu akasema, "Kula wewe, mimi nina jino."

*

Ijumaa Bi Mwanatumu, mama yake Ikram, alifika kabla ya adhuhuri na samaki wakavu, nazi sita na mkeka mdogo wa mtoto aliousuka mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuitana mashambani. Alimpakata mjukuu wake bila kuulizwa, akamtazama mdomo kwa muda mrefu, akasema, "Kafanana na babu yake huku juu. Huku chini tutaona." Kisha akamrudishia mwanawe, akaketi. Mfuko wa Ikram ulikuwa umeshafungwa, umewekwa karibu na mlango, na kila aliyeingia ilimbidi auruke.

Bi Shutu naye aliuruka. Alikuja na majirani wawili, kumuaga Ikram, alisema, kwa kuwa ujirani ni ujirani. Waridi alivuta leso akamfunika mtoto.

"Amelala," alisema.

"Aliyelala hapigi mateke, mama," ilisema sauti ya puani kutoka nje. "Hodi wenyewe. Shikamooni."

Ilikuwa Tembo, kofia mkononi, muhogo umefungwa kwenye baiskeli nyuma yake. Hakuna aliyeitika marahaba isipokuwa Bi Mwanatumu, ambaye hakumjua. Hashim alisimama, akakaa, akasimama tena. Tembo alivua ndara, akaingia, akachutama mbele ya Ikram, na kwa vidole viwili akaiondoa leso kwenye uso wa mtoto.

"Salaam aleikum, mwenzangu," alimwambia. "Mimi nilishonwa nina miaka kumi na tisa. Nilikuwa na ndevu, daktari akazinyoa kwanza. Wewe utashonwa hujaota hata jino. Una bahati ya mbuzi wa mfalme." Akageuka kwa watu. "Sasa. Nimesikia huko njiani kwamba nimechekwa. Nimekuja kuuliza nani kanicheka, maana mimi mwenyewe sina habari."

Bi Shutu alitengeneza mtandio.

"Siku ile ya Ramadhani, bombani," alisema mmoja wa majirani, kwa sauti ndogo.

"Aaa, siku ile!" Tembo alijipiga paja. "Siku ile ya jogoo! Dada Shutu, hukuwaambia habari ya jogoo? Jogoo wangu mwekundu alikata kamba, jamani. Akaruka kutoka kwenye kapu, pa! Akatua juu ya kichwa cha dada Shutu. Nikafikiri ataondoka. Hakuondoka. Akajituliza, akatazama kibla, akatazama bahari, akajisaidia."

Jirani wa kwanza aliziba mdomo kwa mkono. Wa pili hakuwahi. Kicheko kilimtoka kama chafya. Bi Mwanatumu aliuliza, "Kichwani?" na Tembo akajibu, "Kichwani, mama, na mtandio ulikuwa mpya."

"Muongo!" alisema Bi Shutu.

"Nilikupa mihogo miwili ya kuombea radhi, dada Shutu, ukala. Bibi arusi huyu alicheka, ndiyo. Bomba zima lilicheka. Mimi nilicheka mpaka baiskeli ikaanguka. Huyu mama hapa," akamwonyesha Waridi kwa kidevu, kwa upole, bila nia mbaya, "alicheka mpaka akashikilia bomba asianguke."

Bi Shutu aliondoka akisema ana chungu motoni. Aliuruka mfuko, akajikwaa, majirani wakamfuata nje wakiwa wamebana vicheko. Tembo aliacha muhogo mlangoni, akaaga, akaenda zake. Alikuwa amefanya kazi ya siku kumi katika muda wa kunywa kahawa.

Hashim alikuwa amemgeukia mama yake.

"Ulisema hukuangalia."

"Nilisahau," alisema Waridi.

"Ulisahau?"

"Ramadhani na leo, mwanangu, miezi mingapi?"

Hashim aliangalia sakafu. Kisha akapumua, akauchukua ule mfuko mlangoni, akauweka kitandani. "Basi," alisema bila kumtazama mke wake. "Basi hakuna haja ya safari. Mama mkwe, tusamehe tumekusumbua. Kumbe maneno ya watu tu."

Yamekwisha, Waridi alijiambia. Kisa kimeanguka na hakuna mtu aliyeangukiwa isipokuwa Bi Shutu, na Bi Shutu kichwa chake kimezoea. Aliinuka akaenda kuwasha jiko la chai. Alikuwa akitafuta kiberiti aliposikia sauti ya Ikram.

"Kama si kicheko, basi ni nini?"

"Ni Mungu, mwanangu," alisema Bi Mwanatumu. "Muuguzi si alisema hutokea tu?"

"Alisema. Lakini aliniuliza pia nilikula nini, nilimeza dawa gani. Nikamwambia sikumeza dawa." Ikram alikuwa akimkalisha mtoto sawasawa kwenye paja, mkono nyuma ya shingo. Alisema polepole, kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. "Nafikiri ni ulafi wangu. Mwezi ule mzima sikula chakula cha maana. Asubuhi kashata, jioni kashata. Mtoto atapata wapi cha kujengea mdomo?"

"Kashata gani?"

"Ile ya kwetu. Mama hapa alikuwa akininunulia Ukunda, kwa mama mmoja wa Jego. Ile ya mahindi, ya kahawia, ina nazi juu."

Bi Mwanatumu alicheka. "Ya mahindi? Kashata ya mahindi, Jego? Nimezaliwa Jego, nimeolewa Jego, sijapata kuiona. Ya nazi, sawa. Ya njugu, sawa." Akainua sauti kuelekea jikoni, kwa furaha ya mtu aliyesikia jina la kwao. "Mkwe! Huyo mama wa Jego anaitwa nani? Mtoto wa nani? Mimi nawajua wote."

Jina lilikuwapo. Mwanahamisi. Kila kijiji kina Mwanahamisi, na Jego haiwezi kukosa watatu. Lilifika hadi kwenye meno ya Waridi. Alisimama na kiberiti mkononi, na kupitia mlangoni akamwona Ikram akisubiri jibu, uso wake mtulivu, tayari kuliamini jina lolote atakaloletewa, kama alivyoiamini kashata, na jino, na "sikuangalia vizuri."

Alirudi akasimama mbele yao. Hakuketi.

"Hakuna mama wa Jego," alisema.

"Yuko wapi, alihama?" aliuliza Bi Mwanatumu.

"Hakuwako. Ilikuwa ukoko. Ukoko wa sufuria za kazini. Ninabandua, ninakata, ninatia nazi." Alisema yote kwa sauti moja, macho kwenye kiberiti. "Chakula cha vinzi. Sufuria ni mbili. Kubwa haina neno. Ndogo ina dawa wanayoijaribu kama inazuia ngozi isikutane. Nilibandua zote mbili. Sikuzitenga. Na uso wa mtoto hukutana mwezi wa pili, nimeuliza, na mwezi wa pili ndio ule."

"Mama," alisema Hashim. "Umesema nini?"

"Ulimlisha mwanangu makombo ya nzi?" Bi Mwanatumu alikuwa ameshika ule mkeka mdogo, ameukunja kifuani. Sauti yake ya mashambani ilikuwa imepotea. "Mwanangu, mkwe? Na mimba?"

"Alikuwa hali kitu. Nilitaka ale." Waridi akakigeuza kiberiti mkononi. "Sijui kama ndiyo iliyofanya. Hata wao hawajui, bado wanahesabu. Lakini huandika, siku gani sufuria gani dawa kiasi gani. Jumatatu nitamwambia Faith atazame. Kazi na iende. Hata kama ni jeni, hata kama ni Mungu tu, mimi nilikaa kimya wakakusema wewe, Ikram. Nilikuona bombani. Nilijua."

Nje kuku walikuwa wakichokora muhogo wa Tembo na hakuna aliyewafukuza. Hashim alikwenda hadi mlangoni, akasimama akiwapa mgongo, mikono yake myeupe imeshika fremu.

Ikram alimfuta mtoto tone la maziwa puani kwa kidole. Halafu akainua macho, na hakukuwa na hasira ndani yake. Waridi angependa kuona hasira.

"Mama," alisema. "Kila siku nilikukatia kipande chako."

"Ndiyo."

"Ukasema una jino."

Waridi alifungua kinywa. Meno yake yote yalikuwa mazima. Hata sasa, na miaka yake arobaini na minane, hajapata kung'olewa hata moja.

"Sikuwa na jino," alisema.

Ikram alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyehesabu kitu na hesabu ikakubali. Akachukua kijiko.

Leso ilikuwa imeanguka sakafuni. Waridi aliiokota, akawa hajui aiweke wapi, akaiweka begani mwake. Mtoto alikuwa amefumbua macho, anatazama mwanga wa mlangoni, mdomo wake ukifanya kazi ya kunyonya hewa, pande mbili zikisogea na kuachana, zikisogea na kuachana. Kwa siku kumi na tatu Waridi alikuwa amemfunika, amemwogesha na kumfulia nguo. Kumpakata akamtazama usoni, hilo hakuwa amelifanya hata mara moja.

Alipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya mkwe wake, akanyoosha mikono.

"Ikram, mwanangu," alisema. "Nipe nimshike."

Ikram alichota maziwa kwenye kikombe, akakiinamisha kijiko mdomoni mwa mtoto, upande wa kulia, akasubiri ameze. Alipomeza, akachota tena.